Ujira wa Mbio

Kila kazi ina ujira wake, na kila ujira una historia yake. Mvuvi huujua ujira wake kwa uzito wa samaki, fundi kwa kazi iliyokwisha, na mchumaji wa chai kwa kilo za majani mabichi zinazosomwa kwenye mizani. Lakini iko kazi moja ambayo kwa muda mrefu ilinyimwa jina la kazi, nayo ni kukimbia. Watu waliishangilia, mataifa yaliona fahari kwayo, na bendera zilipandishwa kwa ajili yake. Hata hivyo yule aliyeifanya alikatazwa kwa sheria kupokea fedha. Leo mambo yamegeuka. Mkimbiaji hodari wa masafa ya kati, yaani wa mita 800 na mita 1,500, aweza kupata kwa dakika nne fedha ambazo mwalimu huzipata kwa miaka mingi ya kazi. Insha hii yaeleza jinsi mageuzi hayo yalivyotokea, na yauliza swali moja: je, fedha zilipokuja, zilimwacha mkimbiaji katika usalama zaidi kuliko alivyokuwa zamani?

Mahali pa kuanzia ni Kabianga, katika Kaunti ya Kericho, nchi ya vilima vya chai ambayo huendelea kusini mpaka Bomet. Nchi hii imeinuka, sehemu zake nyingi zikiwa yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni nyingi, usiku wake una baridi, na hewa yake ni nyepesi. Hali ile ile inayoufaa mchai ndiyo inayolifaa pafu la mkimbiaji. Serikali ya kikoloni ilifungua shule ya Waafrika hapa Kabianga mwaka wa 1925, wakati makampuni ya Kiingereza, Brooke Bond na African Highlands, yalipokuwa yakianza mashamba makubwa ya chai karibu na mji wa Kericho. Hivyo mambo mawili mageni yaliwafikia Wakipsigis, wenyeji wa nchi hii, katika kizazi kimoja. La kwanza ni kazi ya ujira kwa mkataba. La pili ni michezo ya shule, pamoja na mbio za kupimwa kwa yadi na saa. Baba alitia alama ya kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, akaenda kuchuma chai. Mtoto alikwenda shuleni, akajifunza kusoma, na jioni akakimbia kuzunguka kiwanja cha majani. Wakati ule hapana aliyedhani kwamba siku moja mambo hayo mawili, mkataba na mbio, yangekutana katika maisha ya mtu mmoja.

Yasingeweza kukutana upesi, kwa sababu sheria ya riadha iliyatenga. Mchezo huu ulitawaliwa na kanuni ya ridhaa, yaani kanuni iliyosema kwamba mtu acheze kwa kupenda tu wala asilipwe. Kanuni hiyo ilizaliwa Uingereza katika karne ya kumi na tisa, miongoni mwa watu waliokuwa na riziki tayari. Kwa mtu mwenye mali, kucheza bila malipo ni starehe. Kwa mtu maskini, ni kuacha shamba lake bila mtu wa kulilima. Shirikisho la riadha la dunia, lililoanzishwa mwaka wa 1912, liliiandika ridhaa katika jina lake lenyewe, na likawaadhibu waliokiuka bila kujali ukubwa wao. Paavo Nurmi wa Finland, aliyeshinda mita 1,500 na mita 5,000 katika Olimpiki ya mwaka wa 1924, alizuiwa kushiriki Olimpiki ya Los Angeles mwaka wa 1932 kwa kuwa ilidaiwa amepokea fedha za safari kupita kiasi kilichoruhusiwa. Kama mtu mashuhuri kama huyo hakusamehewa, kijana wa Kericho angesamehewa na nani? Chama cha riadha cha Kenya kilipoundwa mwaka wa 1951, nacho kilibeba neno la ridhaa katika jina lake.

Katika utaratibu huo alitokea Wilson Kiprugut Chumo. Alizaliwa katika nchi ya Kericho mwaka wa 1938, akasoma katika shule za huko, kisha akajiunga na jeshi. Tarehe 16 Oktoba 1964, mjini Tokyo, alisimama kwenye mstari wa fainali ya mita 800. Kenya ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja tangu uhuru, na hapakuwa na Mkenya aliyekwisha kupata nishani ya Olimpiki. Peter Snell wa New Zealand alishinda kwa dakika 1 na sekunde 45.1. Bill Crothers wa Kanada alikuwa wa pili. Kiprugut alimaliza wa tatu kwa dakika 1 na sekunde 45.9, wakati ule ule uliopewa mtu wa nne, George Kerr wa Jamaika, aliyekuwa nyuma yake kwa upana wa kifua. Shaba ile ilikuwa nishani ya kwanza ya nchi nzima. Miaka minne baadaye, mjini Mexico City, Kiprugut alipitwa na Ralph Doubell wa Australia peke yake, akapata nishani ya fedha. Nishani ya fedha aliipata. Fedha yenyewe hakuipata, maana Olimpiki haikuwa na zawadi ya namna hiyo, na mwenye kuitafuta kwingine angefukuzwa mchezoni.

Basi Kiprugut aliishi kwa nini? Aliishi kwa mshahara wa askari. Naye hakuwa peke yake. Naftali Temu, mshindi wa mita 10,000 mwaka wa 1968, alikuwa mwanajeshi. Kipchoge Keino, aliyeshinda mita 1,500 mwaka huo huo, alikuwa mtu wa polisi. Jeshi, polisi na magereza ndiyo waliokuwa wafadhili wa kwanza wa wakimbiaji wa Kenya, na mpaka leo vikosi hivyo vingali vinaajiri wengi wao. Sharti lao lilikuwa jepesi kueleweka: mkimbiaji apewe chakula, mahali pa kulala, mshahara na saa za kufanya mazoezi; naye akiletee kikosi chake sifa. Mshahara huo haukuwa mkubwa. Lakini tuuangalie vema kabla ya kuudharau. Askari aliyeumia mguu hakupunguziwa mshahara kwa sababu ameshindwa kukimbia. Alirudi kwenye kazi za kikosi, na mwisho wa mwezi akapanga foleni pamoja na wenzake. Uwanjani hakuwa na tumaini la utajiri, lakini pia hakubeba hatari ya njaa. Hilo tulikumbuke, kwa maana tutalirudia.

Wakati huo huo fedha zilikuwa zimekwisha kuingia mchezoni kwa mlango wa nyuma. Makampuni mawili ya viatu ya Ujerumani, Adidas na Puma, yalishindana kuwavisha wakimbiaji mashuhuri, na katika Olimpiki ya mwaka wa 1968 fedha taslimu zilipita kwa siri mikononi mwa baadhi yao. Waandaaji wa mbio za Ulaya nao waliwalipa chinichini wakimbiaji ambao watu walitaka kuwaona. Malipo ya siri yana ubaya wake. Anayelipwa kwa siri hana hati. Asiye na hati hawezi kudai. Na asiyeweza kudai hupokea anachopewa.

Jaribio la kuitoa biashara hii hadharani lilifanywa Marekani. Mwaka wa 1973 kundi la riadha ya kulipwa, lililoitwa International Track Association, lilianza kufanya mikutano katika miji ya huko, na Keino akajiunga nalo. Mwaka uliofuata alimfuata Ben Jipcho, ambaye alikuwa ametoka kushinda mita 5,000 na mbio za kuruka viunzi na maji katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch. Waliojiunga walilipwa waziwazi, lakini mlango wa Olimpiki ulifungwa nyuma yao. Kundi lenyewe halikudumu; mwaka wa 1976 lilivunjika. Tokea hapo mkimbiaji wa Kenya alipata funzo ambalo lingehitajika tena: ahadi ya fedha haina nguvu kuliko hazina ya yule anayeahidi.

Wengine walichagua ujira wa namna nyingine, nao ni elimu. Katika miaka ya 1970 vyuo vikuu vya Marekani viliwaita vijana wengi wa Kenya, vikawapa masomo bila ada ili wavikimbilie. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka wa 1972, alipitia njia hiyo, akaendelea mpaka shahada ya uzamivu, kisha akawa Kamishna wa Michezo nchini Kenya na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Nchi yake ilisusia Olimpiki za mwaka wa 1976 na 1980, na kwa hiyo miaka yake bora ya kukimbia ilipita bila nishani nyingine ya Olimpiki. Miguu ilikosa ilichostahili, kichwa hakikukosa.

Baadaye ukuta wa ridhaa ulianza kubomoka, tofali moja baada ya jingine. Mwaka wa 1982 shirikisho la dunia liliruhusu malipo ya mkimbiaji yawekwe katika mfuko wa amana, atumie kwa mazoezi na kuchukua kilichobaki atakapostaafu. Mwaka wa 1985 ulianza mfululizo wa mikutano ya Grand Prix yenye zawadi za fedha. Katika Mashindano ya Dunia ya mwaka wa 1993, mjini Stuttgart, kila mshindi alipewa gari. Katika mashindano hayo hayo ya mwaka wa 1997, mjini Athens, gari liliacha nafasi kwa fedha, na mshindi alipokea dola 60,000 za Marekani. Mwaka wa 2001 shirikisho liliondoa hata neno la ridhaa katika jina lake. Yaliyokuwa kosa katika siku za Kiprugut yakawa kanuni katika siku za wajukuu zake.

Jinsi mlango ulivyofunguka kwa upana, alidhihirisha msichana mmoja wa Nandi, nchi jirani ya Kericho. Mwaka wa 2008 Pamela Jelimo, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda mita 800 katika Olimpiki ya Beijing. Mwaka huo huo alishinda mikutano yote sita ya Golden League, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyefanya hivyo, zawadi nzima ya dola 1,000,000 ikawa yake. Lakini mwaka wa 2009, katika Mashindano ya Dunia mjini Berlin, hakufika hata fainali. Alirudi baadaye akawa bingwa wa dunia wa mbio za ukumbini mwaka wa 2012, ila msimu kama ule wa kwanza haukurudi tena. Mvua ya mwaka mmoja ilijaza ghala. Haikuahidi mvua ya mwaka wa pili.

Katika nchi ya chai yenyewe mfano ulio karibu ni Timothy Cheruiyot, mzaliwa wa Bomet wa mwaka wa 1995. Alishinda fainali ya mita 1,500 ya Diamond League mara nne: mwaka wa 2017, 2018, 2019 na 2021. Katika fainali tatu za kwanza mshindi alilipwa dola 50,000. Katika ya nne zawadi ilikuwa imeshuka kuwa dola 30,000. Mwaka wa 2019, mjini Doha, alikuwa bingwa wa dunia, na ubingwa huo ulikuwa na dola 60,000. Hata hivyo, mwezi Juni mwaka wa 2021, katika mbio za kuchagua timu ya Olimpiki mjini Nairobi, bingwa huyu alimaliza wa nne, na timu ilikuwa na nafasi tatu. Alipata nafasi kwa sababu tu mmoja wa waliomtangulia hakuwa ametimiza vipimo vilivyotakiwa vya dawa zilizoharamishwa. Alikwenda Tokyo akapata nishani ya fedha. Sekunde chache za siku moja ya Nairobi zilikaribia kumnyima yote hayo, na pamoja nayo yale ambayo mfadhili huongeza juu ya nishani.

Hapa ndipo tunapofika kwenye mkataba wa ufadhili, ambao kwa wakimbiaji wengi wakubwa ndio chungu kinachopika kila siku, kwa maana zawadi za mbio huja kwa msimu tu. Msomaji wa Kericho au Bomet ataufahamu upesi akiutazama kwa jicho la mkulima wa chai. Mwaka ule ule wa 1964 ambao Kiprugut alipata shaba, serikali ya Kenya iliunda mamlaka ya kuwasaidia wakulima wadogo wa chai, ijulikanayo kwa herufi KTDA, ambayo tangu mwaka wa 2000 ni kampuni. Mkulima anayepeleka majani yake katika viwanda kama Litein au Kapkoros hulipwa kwa njia mbili. Kwanza, kila mwezi hupata kiasi kilichowekwa kwa kila kilo. Pili, mwisho wa mwaka hupata bonasi, ambayo hutegemea bei ya chai sokoni na gharama za kiwanda. Malipo ya mwezi yaweza kutarajiwa. Bonasi hupanda na kushuka. Mwaka wa 2025 wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa walilalamika sana kwa jinsi bonasi yao ilivyoteremka. Aliyekuwa amekopa kwa kutegemea bonasi ya mwaka uliotangulia alibaki na deni.

Mkataba wa mkimbiaji na kampuni ya viatu umejengwa kwa mti huo huo. Una malipo ya msingi ya kila mwaka, na una nyongeza zinazotolewa kwa nishani, kwa rekodi na kwa nafasi katika orodha ya walio bora duniani. Naye mkimbiaji hutakiwa avae viatu na nguo za kampuni hiyo peke yake, ajitokeze inapomwita, na akimbie idadi fulani ya mbio kwa mwaka. Lakini una kitu cha tatu ambacho vijana wengi hawakitazami, nacho ni vifungu vya kupunguza. Kifungu cha kupunguza husema kwamba mkimbiaji akishuka chini ya nafasi fulani, au asipofikisha idadi ya mbio zilizotajwa, malipo yake ya msingi yatakatwa kwa sehemu iliyoandikwa. Kwa hiyo yale yaliyoitwa ya msingi si msingi kamili. Ni nyumba iliyojengwa juu ya afya ya mguu mmoja. Na akionekana ametumia dawa zilizoharamishwa, mkataba wote aghalabu hukatika.

Mikataba hii hufanywa siri, na ni mara chache watu wa nje kuona yaliyomo. Lakini mwaka wa 2016 kesi moja nchini Marekani ilifunua pazia. Boris Berian, mkimbiaji wa mita 800, alikuwa mwaka wa 2014 akifanya kazi katika mkahawa wa McDonald's. Alipanda upesi, akapata mkataba wa Nike uliokwisha mwishoni mwa mwaka wa 2015, na mwezi Machi 2016 akawa bingwa wa dunia wa mbio za ukumbini. Kampuni nyingine, New Balance, ilikuwa imemwahidi dola 125,000 kwa mwaka bila kifungu chochote cha kupunguza. Mkataba wake wa zamani, hata hivyo, uliipa Nike haki ya kumbakiza endapo ingelingana na ahadi ya mwingine. Nike ikasema imelingana. Berian akasema mkataba wenye vifungu vya kupunguza haulingani na usio navyo, hata kama tarakimu ni moja. Nike ilimshtaki mahakamani, kisha mwezi Juni, mbio za kuchagua timu ya Marekani zilipokaribia, ikaiacha kesi. Ugomvi wote haukuwa juu ya dola ngapi. Ulikuwa juu ya maneno yaliyoandikwa chini ya dola hizo.

Maneno hayo yaliwahi kuwa mazito zaidi kwa wanawake. Kwa miaka mingi mikataba mingi haikutenga ujauzito na kushindwa. Mama aliyekaa nje ya mbio alipunguziwa kama mtu aliyeshindwa. Mwaka wa 2019 Alysia Montaño, Mmarekani wa mita 800, pamoja na wenzake walilisema jambo hilo hadharani, na mwaka huo huo Nike ikabadilisha masharti yake ili mwanamke asipunguziwe katika miezi ya ujauzito na ya baada ya kujifungua. Haki hiyo ina maana kubwa kwetu. Faith Kipyegon, mkimbiaji wa Kenya, alijifungua mwaka wa 2018, akarudi akapata nishani ya fedha Doha mwaka wa 2019, kisha akashinda mita 1,500 katika Olimpiki ya Tokyo na katika ile ya Paris. Mkataba unaomwona mzazi kuwa mtu aliyekwisha ungemwandika kwenye hasara mtu ambaye ushindi wake mkubwa ulikuwa ungali mbele.

Tuchukue sasa kalamu tufanye hesabu, kwa sababu tarakimu za magazetini hazifiki mfukoni nzima. Katika miaka ya 2021 hadi 2024 mshindi wa mkutano wa kawaida wa Diamond League alipata dola 10,000. Wakala wake, anayemtafutia mbio na mikataba, kwa desturi huchukua asilimia 15, yaani dola 1,500. Tuseme nchi ya mashindano inakata kodi ya asilimia 20: hizo ni dola 2,000. Tuseme tena kocha apewe asilimia 10: dola 1,000. Zimebaki dola 5,500, na bado hajalipa kambi, daktari wala chakula cha miezi ya mazoezi. Huyo ni mshindi. Mtu wa nane katika mbio hizo hizo alipata dola 500 kabla ya makato. Wote wawili ni miongoni mwa watu bora duniani, wametofautiana kwa sekunde mbili au tatu, lakini mmoja aweza kununua shamba na mwingine akakosa hata ya kukarabati paa. Hivi ndivyo ulivyo ujira wa mbio: kilele chake ni chembamba, na walio chini ya kilele ni wengi.

Wala si kila zawadi iliyotangazwa hulipwa kwa wakati. Mwaka wa 2025 ilianza mikutano yake ligi mpya ya Marekani, Grand Slam Track, iliyoahidi dola 100,000 kwa mshindi wa kila kundi la mbio katika kila mkutano. Mikutano mitatu ilifanyika. Wa nne, wa Los Angeles, ukafutwa. Wakimbiaji walingoja fedha zao kwa miezi. Na mwezi Desemba mwaka huo ligi iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Ilikuwa yapata miaka hamsini tangu lile kundi la Keino na Jipcho kuvunjika. Waliosoma historia hawakushangaa sana.

Basi tujibu swali tulilouliza mwanzoni. Fedha zilipokuja, hazikumletea mkimbiaji usalama. Zilimletea nafasi pamoja na hatari. Hapana mtu mwenye haki atakayetamani kurudi kwenye siku za ridhaa, ambapo maelfu walilipa kiingilio kumtazama mtu asiyelipwa. Ilikuwa dhuluma iliyovaa joho la heshima. Mwaka wa 2024 shirikisho la dunia liliamua kuwapa washindi wa riadha wa Olimpiki ya Paris dola 50,000 kila mmoja, na kwa Kenya waliozipata ni Kipyegon, Emmanuel Wanyonyi wa mita 800, na Beatrice Chebet, binti wa Kaunti ya Kericho, aliyeshinda mita 5,000 na mita 10,000. Miaka 60 ilikuwa imepita tangu mtu wa Kericho alipoileta nishani ya kwanza bila senti. Kiprugut mwenyewe alifariki mwezi Novemba mwaka wa 2022, kabla ya kuiona siku hiyo. Ni haki iliyochelewa. Lakini katika siku za Kiprugut hatari ya kuumia ilibebwa na kikosi. Leo hubebwa na mkimbiaji mwenyewe, na karatasi anayoitia sahihi ndiyo inayosema ni kwa kiasi gani.

Kwa hiyo kijana anayekimbia alfajiri katika vumbi jekundu la njia za Kabianga anahitaji walimu wawili. Mmoja amfundishe kugawa nguvu zake, asimalize pumzi katika mzunguko wa kwanza. Wa pili amfundishe kusoma: aulize mkataba ni wa miaka mingapi, malipo yapunguzwa kwa sababu gani na kwa sehemu gani, akiumia itakuwaje, ni nani ana haki ya kumbakiza baada ya mkataba kwisha, wakala achukua kiasi gani, na katika fungu lipi. Asiyejua lugha ya hati amtafute wakili aliye wake mwenyewe, si wa kampuni wala wa wakala. Na akiisha kulipwa, akumbuke kwamba miaka ya mbio ni michache, na akae na malipo kama mkulima mwenye busara akaavyo na bonasi: ailipie ada, aitie shambani, aweke akiba, asijenge maisha juu ya ile ambayo haijatangazwa.

Zamani babu zetu walitia alama ya kidole kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma, kwa kuwa hapakuwa na shule ya kuwafundisha. Walikuwa na udhuru. Kabianga imekuwa na shule tangu mwaka wa 1925, na tangu mwaka wa 2013 ina chuo kikuu kamili. Kijana wa leo akitia sahihi asichokisoma, udhuru huo hana. Mbio hushindwa kwa miguu, bali ujira wake hulindwa kwa elimu.